Anapiga vizuri mazoezini, anapotea kwenye mechi: utatuzi wa matatizo kwa mwalimu wa tenisi ya watoto

Mwalimu anayewafundisha wanafunzi tenisi ya mashindano hukutana na malalamiko yale yale kila muhula: mtoto anapiga mipira wavuni, sevu (pigo la kuanzisha pointi, ambalo mpigaji hupewa nafasi mbili) haiingii, mkono unamuuma, au, lililo gumu kuliko yote, mtoto anayependeza kumtazama siku za mazoezi anakuwa mtu mwingine kabisa siku ya mechi. Kishawishi cha kwanza ni kurekebisha kinachoonekana, na kinachoonekana karibu kila mara ni mkono. Kwa uzoefu wangu, mkono husingiziwa mno. Kosa hujitokeza pale raketi inapokutana na mpira, lakini chanzo chake aghalabu kilishatokea kabla: katika ukubwa wa raketi, katika miguu iliyochelewa, au katika ratiba ya mazoezi ambayo mwalimu mwenyewe aliiandika.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, mtazame mwanafunzi akicheza gemu nne dhidi ya mwenzake wa kiwango chake, bila kumsemesha, ukiwa na karatasi mkononi. Kwa kila pointi anayoipoteza andika mambo mawili tu: ilipotea katika pigo lake la ngapi, na mpira uliishia wapi, yaani wavuni, nje kwa nyuma, nje kwa pembeni, au ulimpita asiuguse. Kisha chunguza kwa mpangilio huu: vifaa na kiwanja kwanza, macho na miguu baadaye, ndipo mkono, na mwisho namna unavyoendesha mazoezi. Nimeyapanga maelezo yanayofuata kwa mpangilio uo huo kadiri ilivyowezekana.

Dalili: mpira unamfikia mtoto usoni, naye anapiga huku akirudi nyuma

Chanzo cha kushuku kwanza ni mpira wenyewe. Mpira wa manjano wa kawaida, ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, hutakiwa kwa mujibu wa kanuni kudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147. Mtoto wa miaka minane mwenye kimo cha sentimita 125 akipigiwa mpira huo kwa kuinuliwa kidogo tu, utamkuta juu ya bega, mahali ambapo hata mtu mzima hapendi kupiga. Atafanya mojawapo ya mambo mawili: atarudi nyuma hadi kwenye ukuta, au atajifunza kuuparamia mpira kwa mshiko wa ajabu ambao utamsumbua miaka mingi baadaye.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) lilibadili kanuni kwa sababu hiyo hiyo, na tangu Januari 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi kwa mpira wa manjano wa kawaida. Badala yake kuna ngazi tatu. Mpira mwekundu una kasi pungufu kwa takriban asilimia 75 na huchezewa kwenye kiwanja chenye urefu wa takriban mita 11 na wavu wa sentimita 80. Mpira wa rangi ya chungwa una kasi pungufu kwa asilimia 50 na kiwanja chake kina urefu wa takriban mita 18. Mpira wa kijani una kasi pungufu kwa asilimia 25 na huchezewa kwenye kiwanja kizima cha mita 23.77.

Kipimo ni rahisi. Mpe mtoto huyo huyo mpira wa ngazi ya chini yake kwa dakika kumi, kwenye kiwanja kifupi, na usimrekebishe kwa neno lolote. Pigo likijirekebisha lenyewe, ujue pigo halikuwa na ugonjwa. Wazazi wengine watanung'unika kwamba mtoto wao amerudishwa chekechea. Waoneshe mtoto akipigiana na mwenzake mipira kumi na mitano bila kukatika, kisha wape mpira wa manjano wajionee mapigo mawili na mpira kuruka uzio. Sijaona mzazi aliyeendelea kubisha baada ya hapo.

Raketi nayo ichunguzwe wakati huo huo. Mtoto asimame wima, aishike raketi kwa mkono ulioning'inia ubavuni: ncha ikigusa ardhi, raketi ni ndefu mno kwake. Raketi za watoto huuzwa kwa inchi, kuanzia 17 hadi 26, na ile ya inchi 27 ni ya mtu mzima. Kosa linalojirudia ni mzazi kumnunulia mtoto raketi ya inchi 27 ili «aikulie», kama anavyomnunulia sare ya shule. Sare iliyozidi hukunjwa pindo, lakini raketi iliyozidi haikunjiki. Mtoto ataishika katikati ya mpini au ataivuta kwa mwili mzima, na mwalimu atashinda akimsahihisha kiwiko.

Dalili: mapigo mengi yanaishia wavuni, au yanatoka nje bila mpangilio

Rejea kwenye karatasi yako. Ikiwa mipira yote inatoka upande mmoja, kuna tatizo la mkono, na tutalifikia. Ikiwa inatawanyika, mmoja wavuni, mwingine nyuma, mwingine pembeni, basi mtoto anachelewa, na anayechelewa hawezi kukosea kwa mpangilio.

Ili kuthibitisha, mwambie aseme kwa sauti «dunda» mpira unapogusa ardhi na «piga» raketi inapougusa. Simama karibu naye usikilize. Mtoto anayeuona mpira vizuri maneno yake huangukia juu ya sauti halisi. Mtoto anayechelewa atasema «dunda» wakati mpira umeshaanza kupanda, na «piga» yake itakuja baada ya mlio wa nyuzi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akiyasema maneno yote mawili kwa mfululizo mmoja, «dundapiga», kana kwamba ni neno moja, na hapo nilielewa kwa nini bega lake halikuwahi kugeuka kwa wakati.

Kuchelewa huko huanzia mbali zaidi kuliko mpira. Mchezaji hutakiwa kufanya kijiruko kidogo cha kujiandaa, miguu ikitua mara tu baada ya mpinzani kugusa mpira, ili mwili uwe tayari kusukuma upande wowote. Kisha mabega yaanze kugeuka kabla mpira haujavuka wavu. Watoto wengi hawafanyi kijiruko hicho kwa sababu mazoezini hakuna mpinzani wa kumtazama. Kuna mwalimu aliyesimama na ndoo ya mipira, anarusha kwa mkono, na mtoto anajua mpira utadunda wapi hata kabla haujaachiwa. Dawa ni kuiweka ndoo kando na kuwaacha watoto wapigiane wao kwa wao, kila mmoja akitakiwa kutua wakati mwenzake anapiga. Watakosea sana wiki mbili za kwanza, na mwalimu asiwe na haraka ya kuirudia ndoo.

Sasa mkono. Kwa mtoto ambaye mipira yake ya chini yote inaingia wavuni huku mipira ya kifuani anaipiga vizuri, tazama kiganja: mara nyingi kimezunguka hadi kukaa chini ya mpini. Huu ndio ule mshiko uliozaliwa na mpira uliodunda juu mno alipokuwa mdogo. Usiurudishe wote kwa siku moja. Msogezee kiganja kidogo kidogo, umchezeshe mipira inayodunda chini ya kiuno, na umweleze sababu, kwa kuwa mtoto anayejua sababu huvumilia wiki mbaya ya mpito. Kwa mtoto ambaye pigo la nyuma, yaani la upande wa mkono usioshika raketi, ndilo linalotoka nje, angalia kwanza kama anabadilisha mshiko kabisa. Wengi hupiga pande zote mbili kwa mshiko wa pigo la mbele kwa sababu hawakupata muda wa kuugeuza, na hapo tumerudi kwenye kuchelewa.

Dalili: sevu haiingii, au ya pili ni ya kubembeleza

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwalimu wa watoto angeifanya mara moja angeacha kusema «piga chini». Kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.885, na kutoka wavuni hadi mstari wa mwisho wa kisanduku cha sevu, yaani eneo ambamo sevu lazima itue, ni mita 6.40. Wavu katikati una kimo cha sentimita 91.4. Ukichora mstari ulionyooka kutoka kwenye mstari wa mwisho wa kisanduku, upite juu ya wavu hadi alipo mpigaji, utaona kwamba mpira unapaswa kupigwa kwenye kimo cha takriban mita 2.6 ili uingie kwa njia iliyonyooka. Mtoto wa kimo cha sentimita 140, mkono na raketi vikinyooshwa, hafiki huko. Mvuto wa ardhi humsaidia kuushusha mpira, lakini ana sharti moja: aupige kwa kuelekea juu, huku nyuzi zikiusugua ili uzunguke na kushuka upande wa pili. Mtoto anayeambiwa aupige chini anatii, na mpira unaingia wavuni kama alivyoagizwa.

Baada ya hapo chunguza kurusha. Mwambie arushe mpira kama anayetaka kupiga sevu, lakini asipige, auache uanguke. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira unapaswa kuangukia ndani ya kiwanja, mbele kidogo ya mguu wa mbele na upande wa kulia wake. Weka raketi ya ziada chini mahali hapo iwe shabaha, na umpe mirusho kumi. Ikiwa mpira unaangukia nyuma ya kichwa, sevu zake zitatoka nje kwa nyuma. Ukiangukia mbali mbele, zitaingia wavuni. Tazama pia vidole. Mtoto anayerusha kwa kuukunja mkono kwenye kifundo huuzungusha mpira, nao huenda unakotaka wenyewe, ilhali mkono ulionyooka unaopanda kama lifti na kuuachia mpira kwenye usawa wa macho hukosea kidogo.

Kisha mshiko. Wengi huishika raketi kama kikaango, uso wa nyuzi ukitazama anga, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuuingiza mpira siku ya kwanza. Mshiko huo unamruhusu kuusukuma mpira lakini haumruhusu kuuzungusha, na ndiyo maana sevu yake ya pili ni ya kubembeleza: hana kitu kingine cha kufanya. Afundishwe kuishika kama nyundo, ukingo wa raketi ukitangulia, hata kama kwa mwezi mzima mipira yake itakwenda pembeni.

Kwa marekebisho yote haya, msogeze mtoto mbele. Aanzie kwenye mstari wa sevu, ule wa mwisho wa kisanduku upande wake, na kila anapoingiza sita kati ya kumi arudi hatua mbili nyuma. Kwa sevu ya pili ninapendelea mchezo wa sevu moja tu: pointi inachezwa kama kawaida, lakini hakuna nafasi ya pili. Ndani ya wiki chache mtoto hugundua mwenyewe sevu anayoiamini, ambayo kwa kawaida haifanani na ile ya kwanza ya fujo wala ile ya pili ya woga. Kosa la mguu, yaani kuugusa mstari wa nyuma kabla ya kupiga, ni jambo la kuweka kamba chini na kulisimamia kila siku; halihitaji maelezo zaidi ya hayo.

Dalili: mazoezini ni bingwa, kwenye mechi hayupo

Hili ndilo tatizo lililonifunza kazi yangu, na nitalieleza kwa mfano mmoja.

Nilikuwa na msichana wa miaka kumi na moja ambaye walimu wengine walikuwa wakisimama kumtazama akipiga. Katika shindano dogo la seti fupi za gemu nne, zisizo na pointi ya faida baada ya 40–40 (anayeshinda pointi inayofuata huchukua gemu), alifungwa 4–0 na mtoto ambaye hakuwa na pigo hata moja la kueleweka. Kwa mfumo huo alikuwa amepoteza pointi 16 kamili, nne kwa kila gemu, nami nilikuwa nimeziandika zote. Nne alizipoteza kwa kukosa sevu zote mbili mfululizo. Tano zilikuwa sevu za mpinzani ambazo alishindwa kuzirudisha, na zilikuwa sevu dhaifu. Tano nyingine zilikuwa mipira mirefu ya juu aliyoipiga nje kwa hasira. Mbili tu ndizo ambazo mpinzani alizishinda kwa ustadi wake. Yale mapigo mazuri ya mbele na nyuma tuliyoyafanyia kazi kwa miezi hayakupata hata nafasi ya kuingia mchezoni.

Nilifungua daftari langu la mazoezi. Kwa wiki sita sevu ilikuwa imetengewa dakika kumi za mwisho za kila kipindi, watoto wakiwa hoi. Kurudisha sevu hakukuwa kumeandikwa hata siku moja. Mpira wa juu niliuita «mpira wa kuvizia» na nilikuwa nikiwakataza wasiupige, kwa hiyo hakuna aliyejua kuujibu. Msichana yule alicheza mechi ambayo sikuwa nimemfundisha.

Ikiwa karatasi yako inafanana na hiyo, hizi ndizo sehemu za kugusa.

Kwanza, kila pointi iliyo mazoezini ianze kwa sevu na irudishwe, kama ilivyo kwenye mechi. Ninatenga nusu ya muda kwa hilo, na sevu huja mapema, mwili ukiwa bado na nguvu. Anayerudisha apewe lengo moja tu: mpira upite juu ya katikati ya wavu, ambapo uko chini zaidi, na utue ndani kabisa. Kwa sentimita 91.4 katikati dhidi ya 107 kwenye nguzo, mtoto anayepiga katikati amejipunguzia kazi.

Pili, kuwe na hesabu ya pointi kila siku. Mtoto ambaye hesabu huisikia siku ya shindano pekee hutetemeshwa na maneno «thelathini arobaini» kabla hata ya mpira. Anzisha gemu zikiwa 30–30, au mwanafunzi akiwa nyuma 15–40, na uwaache wacheze. Fanya taibreka (gemu ya kuamua mshindi) za pointi kumi kati ya watoto walio jirani kwa uwezo. Katika taibreka wajue pia utaratibu wake, kwani nimeona mtoto aliyekuwa akiongoza akivurugika kwa sababu hakujua nani anapiga sevu: wa kwanza hupiga moja, kisha kila mmoja hupiga mbili mbili, na pande hubadilishwa kila baada ya pointi sita.

Tatu, afundishwe cha kufanya mpira usipochezwa. Kanuni humpa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na mtoto aliyekasirika hutumia tano. Karatasi ya mechi huonesha jambo hili waziwazi: pointi zinapotea kwa mafungu ya nne au tano mfululizo. Mpe taratibu ya kimwili, kwa kuwa kumwambia «tulia» hakumpi kitu cha kufanya: augeuzie wavu mgongo, atembee hadi karibu na uzio, anyooshe nyuzi kwa vidole, aamue sevu itakwenda wapi au atarudisha wapi, ndipo ageuke. Tulifanya hivyo mazoezini nami nikiwa na saa, na aliyeanza kabla ya sekunde kumi na tano alipoteza pointi. Walilalamika siku mbili, kisha wakazoea.

Nne, mpira mrefu wa juu. Watoto wanaouchezea huitwa majina, na makocha wengine huwadharau mbele ya wanafunzi wao. Nadhani hilo ni kosa. Mtoto anayerudisha kila kitu juu amegundua kwamba wenzake hawana subira, na ugunduzi huo ni halali. Mwanafunzi wako ana njia tatu: arudi nyuma mapema aupige mpira ukishashuka hadi kiunoni, asogee mbele aupige ukiwa bado unapanda, au aurudishe juu vile vile na kusubiri mpira mfupi. Njia ya kwanza ndiyo ya kuanzia. Kinachomwangusha ni ile njia ya nne, ya kubaki palepale na kuupiga kwa nguvu ukiwa kwenye usawa wa sikio.

Msichana yule alikutana tena na mpinzani yule yule muhula uliofuata, na alifungwa tena, safari hii 5–4. Karatasi ilionesha sevu mbili zilizokosewa mfululizo mara moja tu. Nililihesabu hilo kuwa maendeleo, ingawa yeye alilia.

Dalili: mabishano juu ya mistari na hesabu

Katika mechi nyingi za watoto hakuna mwamuzi kila kiwanja, na kila mchezaji huamua mipira ya upande wake. Mwalimu akisikia kwamba mtoto wake «anaiba», asikimbilie kumhukumu tabia. Mara nyingi mtoto aliuona mpira kwa macho yaliyokuwa yakitikisika huku akikimbia, akatamka alichotumaini. Mfundishe kanuni tatu kabla ya mechi ya kwanza: mpira uliogusa mstari hata kidogo ni wa ndani, uamuzi hutamkwa papo hapo, si baada ya kuona pigo lako limeingia wavuni, na mpira unaotiliwa shaka ni wa mpinzani. Mazoezini wabadilishane nafasi ya kuwa mwamuzi wa pembeni, maana mtoto aliyekaa kwenye mstari huona jinsi macho ya mchezaji yanavyoweza kumdanganya.

Kuhusu hesabu, anayepiga sevu aitamke kwa sauti kabla ya kila pointi. Mzozo ukitokea, warudi kwenye hesabu ya mwisho ambayo wote wawili wanakubaliana nayo. Ubao mdogo wa namba kwenye nguzo ya wavu humaliza nusu ya kesi.

Dalili: raketi zinatupwa, machozi, mtoto anataka kujitoa katikati ya mechi

Angalia ratiba kabla ya kuangalia moyo wa mtoto. Mtoto anayepangiwa mechi ya mtoano mara moja kwa muhula, dhidi ya mtu aliyemzidi mno, husafiri, hufungwa, na hurudi nyumbani baada ya dakika ishirini. Kwa umri mdogo zinafaa makundi ya watoto wanne au watano ambao wote wanakutana, kwa seti fupi au taibreka, ili kila mmoja apate kushinda na kushindwa ndani ya siku moja.

Chanzo cha pili kipo nje ya uzio. Msikilize mzazi anavyosimulia: akisema «tumeshinda» na baadaye «amefungwa», umepata sehemu ya jibu. Mimi huongea na wazazi kabla ya msimu, kwa heshima na kwa ombi moja: mechi ikiisha, swali la kwanza la mama au baba lisiwe juu ya matokeo. «Mwanangu, umejaribu nini leo?» linatosha. Kwa kurusha raketi, onyo la kwanza litolewe kwa upole na la pili limtoe kiwanjani siku hiyo, hata akiwa ndiye mchezaji wako bora, na hasa akiwa ndiye.

Dalili: maumivu

Maumivu ya kisigino au chini tu ya goti kwa mtoto anayerefuka kwa kasi hutokana mara nyingi na sehemu za mifupa ambazo bado zinakua kuvutwa na misuli, na mtoto huhitaji kupumzishwa na kuonwa na daktari, si kupakwa dawa na kurudishwa kiwanjani. Bega na kiwiko vikiuma, hesabu sevu alizopiga wiki hiyo, kisha kagua raketi: nyuzi ngumu za poliesta zilizokazwa sana, alizofungiwa ili afanane na wachezaji wa televisheni, hupeleka mtikisiko wote kwenye mkono ambao haujakomaa. Mfungie nyuzi laini na zilizolegezwa. Mpira mkuukuu uliolowa maji nao ni mzito. Uondoe kwenye ndoo.

Dalili: mtoto ameanza kutega mazoezi

Atasema ana kazi nyingi za shule. Huenda ni kweli, lakini chukua saa na umhesabie mipira. Wanafunzi kumi na wawili wakipangwa mstari mmoja mbele ya mwalimu anayetoa mpira mmoja kila sekunde tano, kwa dakika arobaini hutoka mipira 480, na kila mtoto amepiga 40. Kati ya pigo lake moja na jingine amesimama dakika nzima akichokozana na wa nyuma yake, na huo ndio mchezo wa tenisi anaoujua.

Kiwanja kimoja cha kawaida kinatosha kuwachezesha wote kumi na wawili kwa wakati mmoja. Upana wake wa wachezaji wawili wawili ni mita 10.97, ambao karibu ndio urefu kamili wa kiwanja cha mpira mwekundu, hivyo viwanja vidogo vichorwe kwa kukata mapana, vinne kwa chaki au utepe, na kamba ivutwe katikati kwa urefu wa kiwanja kizima badala ya wavu, kwenye kimo cha sentimita 80. Kwa kuwa viwili vitakuwa upande mmoja wa wavu mkubwa na viwili upande wa pili, kamba italazimika kuwa vipande viwili, kila kimoja na nguzo zake. Watoto wanane wanacheza, wanne wanahesabu pointi na kuamua mistari, na kila baada ya dakika nne mshindi wa kila kiwanja anabaki, aliyeshindwa anashika ubao wa hesabu, na aliyekuwa na ubao anachukua raketi.